Kusadiki Pasipo Kutenda



Liwali Feliki hakukosa mafundisho. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 24, chaeleza kwamba alimsikiliza Paulo akinena juu ya haki, kiasi na hukumu, akaingiwa na hofu. Asiyesadiki haogopi. Hata hivyo alimwondosha mhubiri hadi apate nafasi. Ikapita miaka miwili, naye akaacha uliwali huku Paulo angali kifungoni.

Nafasi hiyo hiyo ilingojewa huko Virginia, Marekani, katika karne ya 18. Mwezi wa Januari 1773 mwanasheria Patrick Henry aliandika barua ya shukrani baada ya kupokea kitabu cha Anthony Benezet kilichopinga biashara ya watumwa. Hakuutetea utumwa hata kidogo. Alikiri kwamba haupatani na Ukristo, akajistaajabia mwenyewe kuwa bwana wa watu aliowanunua kwa fedha yake. Sababu aliyoitoa ilikuwa moja: taabu ya kuishi pale bila wao. Ni sababu ndogo mno kwa aibu kubwa namna hiyo, na kwa udogo wake yastahili kuaminiwa. Hoja ya Benezet ilikuwa imekwisha kushinda akilini. Jikoni na shambani, ambako kazi za kila siku zilikuwa zikimngoja mtu wa kuzifanya, haikuwa imefika.

Lililo zito zaidi ni tumaini lake. Wakati wa kuukomesha uovu huo ungekuja, aliandika. Na usipokuja upesi, basi wazao warithishwe watumwa pamoja na huruma juu yao. Hapo ungamo lenyewe liligeuka kuwa malipo. Mtu akishajihukumu kwa maneno makali huona deni limepungua, kumbe hakuna hata mmoja aliyefunguliwa.

Ni haki kukumbuka kwamba wakati ule sheria ya Virginia haikumruhusu bwana kumwachia mtumwa huru kwa hiari yake tu. Lakini kizuizi hicho kiliondolewa mwaka 1782. Henry, ambaye mwaka 1775 alikuwa amesimama katika kanisa la St. John's, Richmond, akidai apewe uhuru au mauti, alifariki Juni 1799 akiwa na watumwa 67.

Katika Virginia hiyo hiyo John Pleasants, Mkristo wa madhehebu ya Marafiki, naye alikufa mwaka 1771 akiwa na watumwa. Ila yeye aliandika katika wosia wake kwamba wawe huru wafikapo umri wa miaka 30, mara sheria itakaporuhusu. Barua ya Henry, pamoja na uzuri wake wote, haikuwa na neno ambalo hakimu angeweza kulishika; wosia huu ulikuwa nalo. Sheria ilipobadilika, mwanawe Robert aliwaachia huru watumwa wake mwenyewe. Jamaa wengine wakakataa, naye akawapeleka mahakamani ndugu wa damu yake. Mwaka ule ule wa 1799 Mahakama ya Rufani ya Virginia iliamua kwamba wosia utimizwe, na watu zaidi ya 400 wakaingia katika ahadi yake.