Wangeajiriwa Hata Hivyo

Wahitimu wa uchumi na takwimu, nina jambo moja tu nanyi.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kutathmini mradi uliolipa nusu ya mshahara wa kijana yeyote aliyeajiriwa kiwandani. Nilihesabu vijana waliolipiwa, nikaandika kwamba hizo zote ni ajira mpya. Wafadhili walifurahi. Mhasibu wa kiwanda kimoja, mama mtu mzima, alinisindikiza hadi getini, akaniambia: "Mwanangu, hawa tungewachukua hata hivyo. Oda zilikuwa zimeongezeka. Mmetupunguzia gharama tu."

Sikuwa nimetazama hata kiwanda kimoja kisichopewa ruzuku.

Wengine walitazama. Afrika Kusini ilianza Januari 2014 kuwapunguzia kodi waajiri wa vijana wa miaka 18 hadi 29 wenye mishahara midogo. Waajiri waliidai nafuu hiyo kwa malaki ya wafanyakazi. Lakini wachumi Vimal Ranchhod na Arden Finn walipowalinganisha vijana hao na waliowazidi umri kidogo, hawakuona ajira ya vijana ikipanda katika miezi ya mwanzo.

Jordan walipima vizuri zaidi: mwaka 2010 wahitimu wa kike wa vyuo walipewa kwa kura vocha za kumlipa mwajiri wao dinari 150 kwa mwezi, sawa na kima cha chini cha mshahara, kwa miezi sita. Ajira yao ilipanda kwa takriban pointi 40 za asilimia kuliko wenzao waliokosa vocha. Miezi minne baada ya vocha kwisha, tofauti ilikuwa imeyeyuka karibu yote. Tumejua hayo kwa sababu watafiti walirudi kuuliza.

Na hapa ndipo ninapoilaumu taaluma yetu. Mikataba yetu hutaka ripoti fedha zingali zinatoka, wakati kila mwajiri ana sababu ya kutabasamu. Wanangu, mkiletewa mkataba wa namna hiyo, bishaneni kabla ya kutia saini. Daini nauli ya kurudi mwaka unaofuata.

Mimi nilirudi kwa nauli yangu. Kijana niliyempiga picha ya jalada la ripoti nilimkuta nje ya geti lile lile, amekaa juu ya ndoo, akisubiri kuitwa kibarua cha siku.