Kampuni Changa Ianzie Mji Gani?

Kijana mwenye wazo la kampuni ya teknolojia hukimbilia Nairobi, na sababu anazo. Huduma ya kutuma pesa kwa simu, M-Pesa, ilizinduliwa Kenya mwaka 2007. Mwaka 2010 kituo cha teknolojia cha iHub kikafunguliwa Barabara ya Ngong jijini humo, waandishi wa programu na wawekezaji wakapata pa kukutana. Mazingira kama hayo huchukua miaka kukomaa.

Lakini anayetaka kurahisisha utoaji wa mizigo bandarini atajifunza nini Westlands, Nairobi? Mawakala wa forodha, madereva wa malori na makarani wa maghala wako Mombasa, na ndio watakaomwonyesha karatasi hukwama dirisha lipi. Kwa maoni yangu, mteja atangulie, mwekezaji afuate. Serikali za kaunti nazo zipunguze msururu wa leseni, vijana wasilazimike kuhama kwao.