Kompyuta Moja, Mifumo Miwili: Tusitupe Daftari la Parokia

Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za parokia, Feri, Dar es Salaam



Nazungumzia kompyuta mpakato kuukuu zilizomo makabatini mwetu.

Nyingi zililetwa na wafadhili zikiwa na Windows XP, mfumo uliotoka mwaka 2001. Ndani yake zimo kumbukumbu za zaka, michango ya ujenzi na akiba za vikundi vya akina mama. Microsoft iliacha kuitolea XP marekebisho ya usalama Aprili 2014, hivyo kuiunganisha na intaneti leo ni hatari. Wapo wanaoshauri tuziuze Kariakoo kama spea. Swali langu ni hili: mama aliyeanza kuweka akiba mwaka 2006 akija kudai haki yake, tutamwonyesha nini, ikiwa programu iliyotunza hesabu zake haifunguki kwenye mashine mpya?

Mfano tunao hapa hapa Feri. Daraja la Nyerere la Kigamboni lilifunguliwa mwaka 2016, lakini pantoni haikuondolewa. Kompyuta nayo inaweza kubeba mifumo endeshi miwili. Ukiiwasha, inakuletea orodha, nawe unachagua: XP kwa kumbukumbu za zamani, au Linux kwa kazi za kila siku.

Utaratibu ni huu:

Kwanza, nakilini kumbukumbu zote kwenye diski mbili za nje. Moja ikae mbali na ofisi.

Pili, diski kuu igawanywe sehemu mbili. Kazi hii ifanyike umeme ukiwa wa uhakika, maana betri nyingi za mashine hizi zimekufa. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kumbukumbu zaweza kupotea.

Tatu, XP itangulie, Linux ifuate. Ukipakia XP baadaye, itafuta kianzishi cha Linux na ile orodha haitatokea. Kama XP imo tayari, iacheni mahali pake.

Nne, fundi aangalie kwanza uwezo wa mashine. Zile za biti 32 hazipokei kila Linux mpya. Debian 12 ya mwaka 2023 bado ilikuwa na kipakizi chake. Debian 13 ya mwaka 2025 haina. Kumbukumbu ya RAM ikiwa ndogo, achague mandhari nyepesi.

Tano, upande wa XP usiunganishwe kabisa na intaneti, wala usichomekwe flashi za mitaani.

Msiogope neno Linux. Programu huria si ngeni kwetu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na washirika kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya Kiswahili isiyolipiwa.

Hata hivyo, mifumo miwili ni njia ya kuvukia tu. Mashine hiyo itakufa siku moja. Kwa hiyo kila parokia ijiwekee muda wa kufungua kumbukumbu za zamani, kuzichapa kwenye karatasi na kuzihamishia kwenye faili za kawaida. Nywila ijulikane na watu wawili, katibu na mweka hazina, ili mmoja akihama hesabu zisihame naye.

Kwa wafadhili wetu: mnapotoa kompyuta, tuachieni CD yake na ile karatasi ya namba za leseni iliyobandikwa chini. Na mkiuliza tunahitaji nini zaidi, diski ya nje na siku mbili za mafunzo kwa makatibu zitatufaa kuliko mashine nyingine kuukuu.

Fedha hizi ni za waumini. Kuzitunza ni pamoja na kutunza kumbukumbu zake.