Kuchagua simu ya kubadilisha: butiloda, proforma tatu na faragha ya wanaotuamini

Mada iliyowasilishwa Bunia mbele ya waandishi wa redio za jamii, watetezi wa haki za binadamu na wahusika wa lojistiki wa mashirika ya kiraia



Waandalizi waliniomba niseme juu ya namna ya kuchagua simu mpya pale ya zamani inapokufa, simu itakayokubali kuwekewa mfumo endeshi wa kulinda faragha. Maana ya maneno nitaipitia haraka, kwa kuwa wengi wenu mnaijua. Muda uliobaki nitautumia kwa jambo moja linalonikwamisha kila bajeti mpya inapofunguliwa.

Ninasema kama fundi, si kwa jina la shirika linaloniajiri, na sina neno dhidi ya huduma yoyote ya Serikali. Mkoa wetu wa Ituri uko chini ya utawala wa kijeshi wa dharura tangu tarehe 6 Mei 2021, na nchi ina sheria ya mambo ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023. Kila shirika liisome pamoja na mwanasheria wake kabla ya kufuata ushauri wangu.

1. Maneno

Mfumo endeshi ni programu kuu ya simu. Android husimamiwa na Google, lakini msimbo wake wa msingi uko wazi, hivyo wengine huuchukua na kuujenga upya kwa nia nyingine. LineageOS ilizaliwa mwishoni mwa mwaka 2016 kutokana na mfumo wa CyanogenMod uliokufa. /e/OS ilianzishwa na Mfaransa Gaël Duval. GrapheneOS huingia katika simu za Pixel za Google, nayo ndiyo ninayoipendekeza. Butiloda ni programu ndogo inayoamka kwanza simu inapowashwa na kukagua kama mfumo unaofuata una sahihi inayokubalika. Mtengenezaji akiifunga na kukataa kuifungua, hakuna mfumo mwingine utakaoingia. Maana ya maneno imeishia hapo.

2. Kwa nini tunajisumbua

Tarehe 8 Septemba 2023, mwandishi Stanis Bujakera wa Jeune Afrique na Actualite.cd alikamatwa katika uwanja wa ndege wa N'djili. Simu zake zilichukuliwa, na mahakamani ukazuka mvutano juu ya nani alikuwa wa kwanza kusambaza hati fulani kupitia WhatsApp na Telegram. Alitoka Machi 2024, baada ya kuhukumiwa miezi sita. Desemba mwaka huo huo Amnesty International ilieleza jinsi polisi wa Serbia walivyofungua simu za waandishi na wanaharakati kwa vifaa vya kampuni ya Cellebrite, kisha nyingine zikawekewa programu ya upelelezi huku wenyewe wakisubiri katika ofisi za polisi.

Kwetu simu hutoka mkononi kwa njia nyepesi kuliko hizo: bariere ya njia ya Mahagi, mwizi wa soko kuu, au fundi tunayemwachia simu pamoja na namba ya siri ili abadilishe kioo. Ndani mna majina ya waliotupigia kutoka Djugu na Irumu kutuambia nani ameua nani.

Mfumo mpya nao una mipaka, na ni lazima niiseme. Airtel, Vodacom au Orange wataendelea kujua kadi yako ya SIM iko chini ya mnara gani na umempigia nani. Papy Mumbere Mahamba, mtangazaji wa redio ya Lwemba katika Mambasa, aliuawa nyumbani kwake Novemba 2019 kwa sababu ya vipindi vyake vya Ebola. Hakuna simu ambayo ingemkinga. Tunachokilinda hapa ni kilichomo ndani ya simu, siku itakapokuwa mikononi mwa mwingine.

3. Tatizo lenyewe

Watu huniambia, "Fundi, niwekee ule mfumo." Ninauliza ni simu gani, na kila mara simu imekwisha kununuliwa. Mazungumzo yetu kwa kawaida hufia hapo.

Tuangalie simu za Bunia zinatoka wapi. Kundi la kwanza ni simu mpya, na zilizo nyingi ni Tecno, Itel na Infinix, zote za kampuni moja ya Kichina, Transsion. Ni simu za watu wetu: betri hudumu, hubeba kadi mbili, na kioo chake hupatikana siku hiyo hiyo. Lakini GrapheneOS haiingii humo, na katika orodha rasmi ya LineageOS sijakuta hata moja. Atakayekuambia atakuwekea mfumo wa faragha kwenye Itel, mwombe kwanza akuonyeshe faili limetoka wapi na nani amelitia sahihi.

Kundi la pili ni simu zilizokwisha kutumika, zinazopita Dubai na Kampala. Hapa ndipo pesa za mashirika zinapopotelea. Samsung zilizotengenezwa kwa soko la Marekani, namba ya modeli ikiishia na herufi U, butiloda zake hazifunguki. Dada yake wa soko la kimataifa, mwenye sura ile ile na herufi B, ilikuwa inafunguka. Lakini mwaka 2025 Samsung iliondoa uwezo huo katika toleo la One UI 8, kwa hiyo simu iliyokubali hapo awali inaweza kukataa baada ya sasisho moja. Huawei iliacha kutoa namba za kufungulia mwaka 2018. Xiaomi hukulazimisha kufungua akaunti na kungoja siku kadhaa, na tangu ilipoleta HyperOS masharti yamezidi kukazwa.

Kundi la tatu ni Pixel zenyewe, na hata humo kuna mtego. Pixel iliyouzwa na kampuni ya simu ya Verizon ya Marekani haifunguki, na kwa macho huwezi kuitofautisha na ile inayofunguka. Muuzaji wa Kampala hatakuambia. Pengine naye hajui. Njia ya kuipima ni hii: simu ifutwe yote, iunganishwe na Wi-Fi, uende penye "Numéro de build" ubonyeze mara saba mpaka ikuambie umekuwa mtengenezaji wa programu, kisha utafute mstari wa "Déverrouillage OEM". Ukikubali kubonyezwa, endelea na mazungumzo ya bei. Ukibaki na rangi ya kijivu hata baada ya intaneti kuingia, mrudishie mwenye duka simu yake na umshukuru. Yote hayo hayamalizi hata nusu saa, lakini katika manunuzi yetu hayafanywi.

Hayafanywi kwa sababu ya proforma tatu.

Mnaijua kanuni. Fomu ya mahitaji inasema: simu ya Android, gigabaiti 128, kadi mbili, kamera ya megapikseli 50. Maduka matatu yanaleta proforma tatu za simu karibu ile ile, kamati inakaa, ya bei ya chini inashinda. Kamati haina kosa. Imehukumu kwa karatasi iliyowekwa mezani. Katika shirika moja ambalo sitalitaja niliandika barua kuomba Pixel. Ilirudi ikiwa na neno "vu", yaani imeonwa, pembeni na maelezo mafupi ya lojistiki: kutaja jina la kampuni katika tangazo la manunuzi ni kuvunja ushindani. Niliudhika sana. Lakini nikiisoma kanuni kwa utulivu, mtu wa lojistiki alikuwa sahihi, na sisi mafundi ndio tuliokuwa tukiomba vibaya. Tunaandika jina la simu pale tunapopaswa kuandika kazi yake.

Kazi hiyo ina vipengele vitatu. Butiloda ifunguke bila kumwomba mtengenezaji ruhusa. Iweze kufungwa tena baada ya mfumo mpya kuingia, kwa ufunguo wa mfumo huo. Masasisho ya usalama yawe yamebaki miaka isiyopungua minne tangu siku ya kupokea simu. Hakuna jina la kampuni hapo, na hakuna mkaguzi wa mfadhili atakayelalamika.

Kipengele cha pili ndicho kinachosahauliwa na mafundi wenzangu. Simu nyingi zinazokubali LineageOS hubaki na butiloda wazi. Aliyeishika kwa muda mfupi anaweza kubadilisha mfumo wenyewe, nawe ukaendelea kuandika namba yako ya siri kama kawaida. Mtakasirika nikisema hivi, lakini kwa mtetezi wa haki afadhali iPhone iliyotumika ambayo bado inapata masasisho, na hali yake ya ulinzi mkali iliyoletwa na iOS 16 ikiwa imewashwa, kuliko Samsung yenye mfumo huru na mlango usiofungwa.

Kuhusu bei, tupige hesabu pamoja. Pixel 8a ilitoka Mei 2024 kwa dola 499 za Marekani, na Google iliahidi masasisho ya miaka 7, mpaka Mei 2031. Kwa aliyeinunua ilipotoka, ni kama dola 71 kwa mwaka. Simu ya dola 140 inayopata masasisho kwa miaka miwili ni dola 70 kwa mwaka. Ongezeni usafiri wa kutoka Kampala, na bado tofauti si ile inayoonekana kwenye proforma. Pixel 8 ya kawaida inafika Oktoba 2030. Pixel 7 inaishia Oktoba 2027, na kwa kigezo changu cha miaka minne imekwisha kutoka.

Tahadhari ndogo kwa wanaopenda bei rahisi: Pixel 6a ilipewa sasisho la lazima mwaka 2025 linalopunguza nguvu ya betri iliyochajiwa mara 400, kwa hofu ya kupata moto kupita kiasi, na 7a nayo ikawa na kesi za betri kuvimba. Kwa mji unaochaji simu kwa jenereta na jua, ziacheni.

Upande wa pili nao usikilizwe. Pixel ina nafasi ya kadi moja tu ya SIM. Ya pili ni eSIM, yaani kadi iliyomo ndani ya simu yenyewe, na Pixel 10 ya soko la Marekani haina hata hiyo nafasi moja. Mtu wa Bunia bila kadi mbili anajiona amekatwa mkono. Pixel pia haina sehemu ya kadi ya kumbukumbu, kwa hiyo mtu wa redio ahamishe sauti zake mapema. Kioo chake utakiagiza mbali. Programu za benki na za kutuma pesa huenda zikakataa mfumo usio wa Google, ingawa Airtel Money, M-Pesa na Orange Money kwa njia ya menyu ya namba hufanya kazi, kwa kuwa hiyo hupita kwenye kadi ya SIM. Kisha kuna onyo la rangi ya njano linalotokea kila simu inapowashwa, kwamba mfumo si wa kiwandani. Askari wa bariere akiliona atauliza. Mwenye simu awe na jibu la kweli na fupi: simu ya kazi, imewekwa na ofisi.

4. Mapendekezo

Kwa wanaoandika bajeti: andikeni kazi ya simu, msiandike jina lake. Vile vipengele vitatu viingie katika fomu ya mahitaji kabla ya proforma ya kwanza kuombwa.

Kwa wafadhili, kwa heshima yote: kubalini bei igawanywe kwa miaka ya masasisho iliyobaki. Mnatutumia wakufunzi wa usalama wa dijitali kila mwaka, kisha kanuni zenu za manunuzi zinatununulia simu ambazo mafunzo hayo hayawezi kutumika kwazo. Naomba hilo lifike mbali kuliko ukumbi huu.

Kwa mashirika madogo yasiyo na pesa hiyo: msinunue simu nyingi dhaifu. Nunueni moja au mbili zinazofaa, ziwe za wale wanaopokea ushuhuda, wengine wabaki na Tecno zao. Kwa Tecno hizo, namba ya siri iwe ndefu, masasisho yaingizwe yakija, na simu izimwe kabisa kabla ya kufika bariere. Simu iliyozimwa ni ngumu zaidi kufungua kuliko iliyofungwa kioo tu, na hilo ni kweli kwa simu nyingi.

Kwa mafundi: mkimaliza kuweka mfumo, fungeni butiloda. Ninarudia kwa makusudi. Usimkabidhi mtu simu yenye mlango wazi ukamwambia iko salama. Mafaili ya GrapheneOS yanazidi gigabaiti moja, kwa hiyo yapakueni penye intaneti nzuri, mhakiki sahihi yake, myatunze. Waya wa kuunganishia uwe mzuri. Waya mbovu umenipotezea muda mwingi kuliko virusi vyote.

Kwa wenye simu: jifunzeni namba ya siri ya dharura ya GrapheneOS, ile inayofuta kila kitu ikiandikwa, lakini ulizeni mwanasheria kabla ya kuiwasha. Kufuta simu mbele ya mpelelezi kunaweza kuwa kosa jingine. Simu kujiwasha upya baada ya saa 18 bila kufunguliwa acheni kama ilivyo. Inasaidia sana.

Kwa wote: ulizeni wakala wa mtandao wenu kama anatoa eSIM hapa Bunia kabla ya kununua, si baada.

Kwa lojistiki, ambao nimewasema sana leo: msitie saini hati ya mapokezi mpaka fundi awashe simu, aiunganishe na Wi-Fi, aone "Déverrouillage OEM" ikibonyezeka, na aandike namba ya modeli pembeni ya namba ya IMEI. Ikikataa, irudi dukani siku hiyo hiyo, na sharti hilo liwe limeandikwa kwenye proforma. Baada ya mapumziko tutafanya zoezi hilo kwa simu mlizo nazo mifukoni. Kuwasha huo mstari wa menyu hakufuti chochote, lakini msibonyeze kitu kingine kabla sijafika mezani kwenu.