Tumewatazama Ndege?

Matayo 6:26 tunaikumbuka kodi ya nyumba ikikosekana. Lakini Yesu hakusema tu tusihangaike; alituagiza kuwatazama ndege. Nani kati yetu amewatazama?

Ukipanda njia ya Miti mpaka Tshivanga, unafika kwenye hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa 1970. Mule kuna kinamasi cha Musisi, katikati ya msitu. Ndani ya majani yake marefu anaishi ndege mdogo wa kahawia, mwenye jina la Grauer. Mara nyingi utamsikia kabla ya kumwona. Dunia nzima hapatikani ila kwenye vinamasi vya milima hii yetu, Kongo, Rwanda, Burundi na Uganda. Kinamasi kikikauka, atahamia wapi?

Kumbukumbu la Torati 22:6-7 inamkataza mtu aliyekuta kiota kuchukua mama pamoja na makinda. Ahadi yake ni siku nyingi, kama ile ya kuwaheshimu wazazi. Hebu fikirini: kiota na wazazi, ahadi moja! Sisi tunakata mti, kiota na mama pamoja, na gunia la makala linashuka Kadutu. Mama mwenye watoto sita simhukumu, atapikia nini? Swali langu ni kwa wenye lori, na wengine wao wanakaa viti vya mbele kanisani.