Makaa Yasiyo na Moshi

Leo yanazungumzwa makaa, yale yale yauzwayo kwa debe huko Mombasa na Njombe, ambayo pia huwashwa jioni katika mtaa wa Olaya mjini Riyadh, penye minara ya Al Faisaliah na Kingdom Centre.

Mjini Jeddah, kando ya Bahari ya Shamu, makaa ni ya chetezo na ya kuchomea nyama tu, kwani baridi haifiki huko. Riyadh iko bara, mita zipatazo 600 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Januari joto hushuka hadi nyuzi 9 za Selsiasi, pengine chini zaidi. Hapo ndipo jiko huingizwa chumbani na mlango kufungwa. Kila msimu wa baridi Idara ya Ulinzi wa Raia ya Saudi Arabia huwaonya wakazi juu ya desturi hiyo, na onyo hilo lingefaa vilevile Makete au Limuru katika mwezi wa Julai.

Wengi huamini kwamba makaa yakishashika na moshi ukaisha, jiko limekuwa salama. Milinganyo ya kikemia yasema kinyume.

Kuni zilipofukiwa katika tanuri la mchoma makaa, joto lilizivunjavunja: mvuke, lami na gesi zikatoka, kaboni ikabaki. Huo ni mmenyuko wa utengano. Moshi, basi, uliachwa porini. Kinachofika nyumbani ni kaboni karibu tupu, nayo ikiwashwa huungana na oksijeni.

Hewa ikiwa tele, mambo huenda hivi: C + O₂ → CO₂. Kwa mizani, gramu 12 za kaboni hutaka gramu 32 za oksijeni na kutoa gramu 44 za hewa ukaa. Hakuna kilichopotea, kama alivyosisitiza Mfaransa Lavoisier katika kitabu chake cha mwaka 1789. Anayedhani kilo moja ya makaa imekwisha na kuacha majivu kiganja kimoja amesahau kuwa zaidi ya kilo tatu na nusu za gesi zimepanda hewani.

Hewa ikipungua, mlinganyo hubadilika: 2C + O₂ → 2CO. Oksijeni ile ile sasa inagawanywa kwa kaboni maradufu, na kinachozaliwa ni kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi, harufu wala ladha. Si hayo tu. Katikati ya jiko jekundu, hewa ukaa inayopanda hukutana na kaboni yenye moto mkali na kunyang'anywa oksijeni yake: CO₂ + C → 2CO. Ndimi za buluu zichezazo juu ya makaa ni gesi hiyo ikiungua. Isiyoungua huingia chumbani.

Sasa hesabu. Chumba cha mita 3 kwa 3, chenye kimo cha mita 2.5, kina lita 22,500 za hewa, ambazo ndani yake mna kilo 6 hivi za oksijeni. Kuunguza kilo moja ya kaboni kikamilifu hula kilo 2.67, yaani karibu nusu. Tuseme sehemu moja tu kati ya ishirini, gramu 50, imegeuka kaboni monoksaidi. Zitapatikana gramu 117, sawa na lita 100 hivi: sehemu 4,500 katika kila milioni ya hewa. Sehemu 1,600 tu zatosha kuua mtu kwa muda usiozidi saa mbili. Ufa wa mlango hupunguza kiasi hicho, lakini si jambo la kutegemea usingizini.

Ndani ya mwili gesi hiyo hushindana na oksijeni kuishika himoglobini ya damu, nayo huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200. Mskoti John Scott Haldane aliivuta mwenyewe kwa makusudi ili apime athari zake, akachapisha matokeo mwaka 1895. Dalili huanza kwa maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, mambo ambayo mtu wa pwani au wa bara huyadhania homa tu, akajifunika blanketi na kulala.

Anayekutwa katika hali hiyo hutolewa nje mara moja, kwenye hewa wazi, kabla ya jiko kushughulikiwa, kisha hupelekwa hospitali. Kwa hewa ya kawaida, nusu ya gesi hutoka damuni baada ya saa nne au tano. Kwa oksijeni safi, ni kama saa moja na nusu.