Maarifa na Mapumziko kwa Watumishi wa Afya



Muuguzi aliyekesha zamuni anapopima dawa ya mtoto, usalama wa mtoto huyo hutegemea mambo mawili: maarifa sahihi na akili iliyopumzika.

Maarifa ya tiba hubadilika. Kwa sababu hiyo, mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa Hinari, unaoziwezesha taasisi za afya za nchi zenye kipato kidogo, Tanzania ikiwamo, kusoma majarida ya tiba bure au kwa gharama nafuu.

Uchovu nao si jambo dogo. Mwaka 2019 Shirika hilo lilifafanua kuwa uchovu uliokithiri wa kazini si ugonjwa, bali ni hali itokanayo na msongo wa kazi usiodhibitiwa. Na tangu mwaka 2017, Azimio la Geneva, ambalo ndilo kiapo cha madaktari, humtaka daktari atunze afya yake ili ahudumie vyema.

Basi muuguzi akionekana anakunywa chai, au ameinamia simu akitafuta mwongozo wa matibabu, asihesabiwe mvivu. Dakika hizo ni sehemu ya tiba ya mgonjwa anayefuata.